Stafeli Halisafiri

Ukumbi wetu wa kufungashia matunda una ukungu wake wenyewe. Unatoka chumba cha baridi kila mlango unapofunguliwa, unatambaa sakafuni, unatufika magotini, halafu unatoweka kana kwamba umekumbuka shughuli mahali pengine. Tuko wanawake kumi na wanne mezani. Maparachichi yanatujia juu ya mkanda yakiwa yameoshwa. Tunayapanga ndani ya mfuko laini wenye vitundu ambavyo huvioni mpaka uunyanyue kwenye mwanga, tunatia kipakiti cha chembe za zambarau, tunafunga mfuko, tunafunga boksi. Yanakaa melini wiki nne, na yakifika yanatakiwa yawe kama yalivyoondoka.

Sisi hatusemi kufungasha. Tunasema kulaza. "Umelaza mangapi leo?" "Huyu kalala vibaya, mgeuze." Tunda lililoanza kulainika tunasema limeamka, na likiamka linatolewa mbio. Tunda linaloiva linatoa pumzi ambayo pua haiisikii, na pumzi hiyo inawaamsha wenzake. Boksi zima likiamka katikati ya bahari, nani atalibembeleza? Zile chembe za zambarau kazi yake ni kuinywa pumzi hiyo. Zikishiba zinageuka kahawia.

Ikifika saa nne asubuhi mikono yangu huwa inafanya kazi bila mimi. Nabaki nimesimama ndani ya ukungu nikiwaza lile giza la melini, maelfu ya matunda yamelala kijani, yanapumua polepole, kila moja na ndoto yake ya mti.

"Debe!" huniita mama anayesimama kulia kwangu. Yeye tunamwita Redio, na hahitaji kuelezwa zaidi. "Debe, umeshalala na wewe?"

Jina hilo alinipa yeye wiki ya kwanza. Alisema debe tupu haliachi kuvuma, na kwa kuwa mimi sivumi, lazima nimejaa. Sikumbishia. Mimi sibishi na mtu. Tangu utotoni mdomo wangu ulikuwa dada yangu. Tukitumwa dukani yeye ndiye aliyesema tunataka nini, mimi nikabeba. Hata mwalimu akiniuliza swali alikuwa anamtazama yeye, aliyekuwa darasa la jirani, kupitia dirishani. Alipoolewa mbali, safari ya siku sita kwa lori la vifurushi, ni kama mtu aliyeondoka na ulimi wangu kwenye begi lake.

Sasa dada ana mimba ya miezi minne, na mimba imekataa kila kitu. Uji unarudi. Chai inarudi. Maji yenyewe anayameza kwa mapatano. Amepungua mpaka shemeji akamfungia kanga kwa pini. Muuguzi alimwambia: uzito ukiendelea kushuka mpaka mwisho wa mwezi, nitakulaza wodini kwa dripu, na hapo sikuahidi kitu kuhusu mtoto.

"Kuna kitu kimoja tu," aliniambia kwenye simu, sauti nyembamba kama uzi. "Stafeli. La pale nyuma ya bafu letu. Nikifumba macho naliona."

"Huko hakuna?"

"Yapo. Nimejaribu moja. La huku ni stafeli la watu, si letu."

Nilipomweleza Mama, aliweka kisu chini. "Mwanangu, stafeli halisafiri. Ukilichuma Jumatatu, Alhamisi ni uji. Ndiyo maana hulioni sokoni. Ni tunda la aliyepo."

Nilijua anasema kweli. Lakini nami kila siku nalaza matunda wiki nne nzima. Nikawaza: siku sita tu.

Kazini, mifuko iliyochanika pembeni hutupwa. Niliokota michache nikaishona upya kwa moto wa mshumaa. Mmoja niliuziba kabisa, ndani nikatia stafeli gumu. Siku ya tano nilipoufungua, ulinuka pombe mpaka jirani akachungulia. Mwingine niliutoboa vitundu mia moja kwa sindano. Siku ya nne stafeli lilikuwa limelala kweli, ila limelala ubavu na halikuwa na mifupa.

Aliyejua jibu alikuwa mmoja, na mimi nilikuwa sijawahi kumwambia neno zaidi ya shikamoo. Ni fundi anayepita kati ya meza na kidude chenye sindano, anachoma mfuko mmoja katika kila mia, anasoma hewa iliyomo ndani. Tunamwita Bwana Pumzi. Nilisimama nyuma yake akapima maboksi mawili mazima.

"Wewe ni kivuli au mtu?" aliuliza bila kugeuka.

"Mtu."

"Una shida gani?"

"Stafeli."

Akageuka. Redio naye akageuka, na meza yote ikageuka, kwa sababu wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yangu. Nilimweleza nikiangalia viatu vyake. Nilipofika kwenye vitundu mia alicheka.

"Mia? Hicho si kifungashio, ni chandarua! Sikiliza, binti. Parachichi linapumua kama mzee aliyelala baada ya kushiba. Stafeli linapumua kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Ukimziba pumzi anakufa, ukimwachia yote anakimbia mpaka anaanguka. Mpe ya kutosha kutembea tu. Toboa arobaini." Akafungua mfuko wa koti lake jeupe, akanipa vipakiti sita vya zambarau. "Viwili kila mfuko. Kwenye baridi usiliweke, litakuwa jeusi. Na usiliweke karibu na kitu chochote kibivu. Mbivu mmoja anaamsha mtaa mzima."

Nilijaribu moja kwa vitundu arobaini, vipakiti nikaviweka akiba. Siku ya tano lilikuwa bado gumu. Sikuwa na muda wa kusubiri ya sita.

Tulichuma matatu asubuhi na umande wake. Nililaza kila moja ndani ya mfuko wake, Mama akayazungushia majani makavu ya mgomba na gazeti, kwa mikono ile ile aliyokuwa akitufungia sisi sweta. Nikaenda kujitayarisha kwa kazi. Mama akafunga boksi, akalipeleka ofisi ya vifurushi mwenyewe.

Jioni, tukila, alikuwa na furaha. "Nimemtilia na moja bivu juu, la kuonjea."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. "Bivu?"

"Lile lililokuwa dirishani. Mtu ana hamu miezi miwili, afungue boksi akute mawe matatu? Mimi nitakuwa mama wa namna gani?"

Nilimwangalia. Ningemwambia nini? Kwamba mapenzi yake yanapumua? Nikanywa maji. Lakini nilikuwa namwona dada anafungua boksi, mkono unazama ndani ya uji, na mwezi umeisha.

Asubuhi nilimfuata Bwana Pumzi, safari hii nikisimama mbele yake. Alihesabu kwa vidole.

"Vipakiti vitakunywa mpaka vichoke. Leo kutwa bado vinaweza. Baada ya leo, wote wataamka. Huyo mbivu lazima atoke leo."

"Yuko njiani."

"Basi mtoe njiani."

Risiti ilikuwa na namba tatu: ya ofisi yetu, ya kule kwa dada, na ya kituo cha katikati, ambako mizigo hushushwa na kungoja lori jingine. Wakati wa chakula nilikwenda nyuma ya lundo la kreti tupu. Jua lilipenya katikati ya kreti likanichora miraba kwa miraba mwili mzima. Nikapiga.

"Vifurushi, sema."

Nikakata.

Nikapiga tena. "Vifurushi." Nikafungua mdomo, hewa ikatoka peke yake. Nikakata.

Mara ya tatu alinitangulia. "Wewe unayepumua, kama ni mke wangu nitakuja kula saa nane. Kama si mke wangu, sema."

"Kaka," nikasema. "Samahani. Kuna boksi langu hapo. Naomba ulifungue."

"Mzigo wa mteja haufunguliwi."

"Mimi ndiye mteja." Nikamsomea namba ya risiti. Nikairudia polepole.

Nilisikia viatu vikienda, vikirudi. "Ninalo. Limeanza kulowa pembeni. Haya, nikilifungua, nifanye nini?"

"Ndani mna matunda manne. Matatu yamelala. Moja limeamka."

"Dada, umekula leo?"

Hapo nilisahau kuogopa, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda. Nikamweleza yote: dada, mimba, muuguzi, pumzi, vitundu arobaini, Mama. Sidhani niliwahi kusema maneno mengi namna ile kwa mpigo mmoja. Nikamaliza: "Kwa hiyo litoe hilo bivu, ulile."

"Nile?"

"Ule. Au limpe mtu, ila lisikae humo ofisini karibu na boksi."

"Ngoja nikae," alisema. Nikasikia kiti. "Nina miaka kumi na moja hapa. Kila siku ya Mungu napigiwa na watu wanaosema nimekula mizigo yao. Karanga, asali, samaki mkavu. Hajatokea hata mmoja wa kunibembeleza nile."

"Mimi basi."

Utepe wa gundi wa boksi ulichanika sikioni mwangu, mrefu, kama mtu anayepasua kitambaa.

"Nimelipata. Limepasuka kidogo."

"Yale matatu? Yaguse juu ya mfuko, usifungue."

"Mawe. Na hivi vipakiti vimeanza kuwa kahawia."

"Vyote?"

"Vingi nusu. Kimoja kimekwisha kabisa."

Niliegemea kreti. "Badilisha gazeti lililolowa, kaka. Halafu ufunge tena."

"Nitafunga vizuri kuliko lilivyokuja. Ila niandike nini juu, wa mbele wasije wakaniita mwizi?"

"Andika: limefunguliwa kwa kuombwa."

Nikasikia kalamu, kisha gundi. Halafu ikaja sauti ndogo ya kufyonza, na mbegu ikagonga kitu cha bati. Nyingine ikagonga. Alikuwa mbali nami siku nzima ya lori, simjui sura, na nilijua kabisa yuko sehemu gani ya tunda.

"Mama yangu we," alisema hatimaye, taratibu. "Nyie mnaishi na kitu hiki nyuma ya bafu?"

Kengele ya kazi ikalia. Niliporudi mezani Redio aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. "Debe, nimekusikia kwenye kreti. Umekuwa redio?"

"Betri zimekwisha," nikamjibu. Meza ilicheka mpaka msimamizi akaja.

Siku nne zilizofuata nilizipita kama mtu anayetembea chini ya maji. Nilikuwa nalaza maparachichi na kichwani naliona lori, kilima kimoja baada ya kingine, na boksi gizani. Jumamosi shemeji aliandika ujumbe: "Yamefika. Magumu. Dada yako analia." Nikamjibu ayatoe kwenye mifuko, ayaweke karibu na jiko, angoje.

Jumatatu alasiri, siku yangu ya mapumziko, tulikuwa tunaosha vyombo simu ilipolia. Mama aliikamata kwa mikono yenye povu akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti wazi.

"Nimekula," alisema dada. "Nusu nzima. Tangu saa nane na robo."

Mama akatazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro kumi.

"Limekaa?" niliuliza.

"Subirini. Nalisikiliza."

Tukasubiri. Maji yalidondoka kutoka kwenye sahani. Mama, asiyeweza kukaa na kimya, akainama kwenye simu. "Na lile bivu, mwanangu? La kuonjea?"

"Bivu gani? Yalikuja matatu, Mama."

Mama alinyanyua uso polepole akaniangalia mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa na bado hajui amwite nani mwizi. Ningeweza kunyamaza. Lori lingebeba lawama, yangeisha.

"Nilimwomba karani alile," nikasema. "Lingeyaamsha haya. Ulilitia kwa mapenzi, Mama, lakini lingeyaharibu yote."

"Karani! Karani gani? Ana mimba yeye?"

Dada alianza kucheka kule. Alicheka kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, kisha akaacha uangalifu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua za kwanza. Mama alitaka kuendelea kukasirika, nikaona anavyotafuta pa kushikia, akakosa. Akakaa kwenye kigoda, povu likimkauka mikononi.

"Saa tisa," alisema dada. "Halijarudi."

"Kweli?"

"Tumbo limetulia kabisa. Lipo." Tukasikia kijiko kikikwangua ganda. "Namalizia nusu ya pili."

Mama akanyoosha mkono kwenye simu, ana maswali kumi: limeiva kiasi gani, uzito, muuguzi amesema nini, shemeji yuko wapi. Nikamshika kiganja.

"Mwache ale, Mama," nikasema, nikakata simu.