Bima ya Antena ya Chake Chake

Ijumaa moja ya mwaka 2006, saa kumi jioni, Thuwaiba alivua aproni ya kazini, akawasha kompyuta nyumbani kwake Alum Rock, Birmingham, asimwone mama yake. Antena ya intaneti aliyoinunua hapo hapo Birmingham ilifungwa juu ya paa la bati la mama huyo, Bi Mwanamkasi, Chake Chake, Pemba, nayo ilikuwa imekufa. Fundi Khatib alipanda kuziba tundu, akaikanyaga. Simu haikufaa kitu: tangu apigwe na kiharusi, Bi Mwanamkasi alizungumza kwa mkono wa kushoto, na aliyeweza kuusoma mkono huo ni binti yake peke yake.

Thuwaiba hakuhangaika. Alikuwa na dhamana ya miaka mitatu, na juu yake bima, maana yule muuzaji alikuwa na maneno matamu kuliko halua. Kampuni ilimjibu kwamba italeta antena mpya, ila mkaguzi lazima aione ile mbovu pale pale ilipofungwa, na wakaguzi wake hawavuki mipaka ya Birmingham.

Jumatatu asubuhi paa la Bi Mwanamkasi lilikuwa limekuja. Lilikaa juu ya vigae vya Thuwaiba, na kutu na misumari yake yote, antena katikati. Jirani aliomba tu lisogezwe kidogo, linamzibia mwanga.

Mkaguzi alikuwa Kamlesh, Mhindi aliyekulia Kisumu. Alipanda ngazi, akaipiga picha alama ya kiatu, akashuka na kumpa Thuwaiba fomu. Kwenye nafasi ya chanzo cha hasara Thuwaiba aliandika, kwa Kiingereza chake, kama alivyolelewa: kwa kudra za Mwenyezi Mungu, fundi aliikanyaga. Kwao hata tairi likipasuka, habari haitolewi kabla Mungu hajatangulizwa.

Barua ikaja. Kampuni, kwa masikitiko makubwa, hailipi hasara iliyoletwa na Mungu.

"Kaka Kamlesh, Mungu nimemtaja kwa adabu tu," Thuwaiba alimwambia kwenye simu. "Aliyekanyaga ni Khatib."

"Pole sana, mama. Lakini kwa hiyo form umemweka Mungu number one. Khatib ni number two."

Kampuni yenye kumcha Mungu kiasi hicho Thuwaiba hakuwahi kuiona hata Pemba. Paa halikurudi, fomu ya kulirudisha haikuwepo. Chake Chake masika yaliingia, Bi Mwanamkasi akalala chini ya turubai.

Ijumaa Thuwaiba alipiga simu. Binamu yake Mwanamize, aliyekaa na mama, akamwambia kwamba mama ameinua mkono, anautikisatikisa.

"Anasema nini?"

"Mie siujui huo mkono wake, dada."

"Basi mwekee simu sikioni."

Birmingham nayo mvua ilikuwa ikinyesha.  Thuwaiba akainyanyua simu kuelekea darini, na Bi Mwanamkasi akalisikia paa lake likinyeshewa.