Lori la Kwanza la Mchanganyiko

"Ukimimina hayo mafuta kwenye tangi letu, leo utajipikia mwenyewe," nilimwambia mume wangu.

"Nitapika. Mpira siuachii."

Alikuwa ameukumbatia mpira wa kushushia mafuta ya lori kama mtoto mchanga. Nje ya kituo chetu cha mafuta, pikipiki na teksi zilijipanga mpaka kwa fundi viatu. Tangu serikali iamuru petroli yote ichanganywe na ethanoli, ile pombe ya miwa, mafuta yamekuwa ya kugombania. Amri ilikuja mbio, viwanda vya ethanoli bado vichache, malori yanakesha bohari yakisubiri zamu. Hili lilikuwa letu la kwanza. Tukilikataa, kituo kinakauka, na lingine hatujui litakuja lini.

"Baba Pacha, tangi lina maji."

"Lina maji tangu enzi za marehemu baba! Yanalala chini, petroli inakaa juu, pampu inanyonya huko juu. Nani amewahi kulalamika?"

Kweli, hakuna. Kila mvua iliponyesha yaliingia kidogo kupitia mfuniko, nasi tukayavumilia kama mgeni asiyejua kuaga.

"Hiyo ilikuwa petroli tupu. Ethanoli ikikuta maji inaihama petroli, inaungana na hayo maji."

"Haya, chuo kimefunguliwa," mume wangu alimwambia dereva wa lori.

"Mwache mama afundishe, bosi. Mimi napumzisha miguu."

Nilichukua chupa ya jemu, nikavuta maji ya chini ya tangi kwa pampu ya mkono, kiasi cha upana wa kidole. Juu yake dereva akanijazia mafuta ya lori. Nikafunga, nikatikisa, nikaiweka kwenye ngazi ya lori. Tukasubiri, watu wazima watatu tumeinamia chupa.

Mafuta yalipotulia, yale maji yalikuwa yamenenepa karibu mara mbili.

"Yakipanda hivyo mpaka kwenye mdomo wa bomba la pampu," nikasema, nikinyooshea foleni kidole, "yule tutamuuzia nini?"

Aliyekuwa mbele kwenye foleni ni kijana wa pikipiki anayewapeleka pacha wetu shule.

Mume wangu alifungua chupa, akanusa, akakaa juu ya tairi kuukuu. Nilimwonea huruma, ila sikumwambia.

"Kumbe nilikuoa kwa akili," akasema.

"Na sura pia. Umechelewa kugundua vyote viwili."

Akacheka, kisha akalitazama lori. "Tangi la kituo cha mdogo wangu ni jipya, halina maji. Lori likienda kwake, atanitangaza mji mzima kwamba tangi langu ni bovu."

"Atangaze. Wateja wetu watafika makwao."

Aliinuka, akaukunja mpira, akaufunga kwenye lori mwenyewe. Dereva alipiga simu bohari. Wakakubali mzigo ukashushwe kwa shemeji.

"Sogea, nikuonyeshe njia," mume wangu akamwambia, akapanda.

Nilivingirisha pipa katikati ya lango. "Hapa leo hamna kitu!" nikaipigia kelele foleni. "Lifuateni lori!"

Walinung'unika, wakawasha injini, wakageuza. Baba Pacha alichungulia dirishani, akanipungia mkono, akaondoka na wateja wetu wote.