Sutton wa Damu

Chama chetu cha watu wanaoitwa Sutton hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, katika ukumbi wa kanisa wa kijiji kiitwacho Sutton. Vijiji vya jina hilo vimejaa Uingereza nzima. Sisi tulichagua chenye choo kizuri. Ukutani tumebandika picha za akina Sutton mashuhuri: askofu, bondia, na mwizi wa farasi aliyenyongwa, ambaye ndiye kipenzi cha wengi.

Mimi Doreen ni Sutton wa kuolewa. Miaka kumi na tisa nimekuwa katibu, napekua vitabu vya ubatizo kutafuta asili za wanachama mpaka macho yameniisha. Mume wangu Wilf alipofariki, chama hiki ndicho kilichonibakia. Sasa mwenyekiti wetu mpya, Desmond, mtu wa kujisikia huyo, usiseme, akaleta hoja: wasio Sutton wa damu watoke.

"Si kwa ubaya, shemeji," akaniambia mbele za watu. "Damu ni damu."

"Haya, tupige kura," nikasema.

"Kwanza utusomee asili ya kila mwanakamati. Anza na mimi."

"Desmond, tunywe chai kwanza."

"Soma tu, bwana. Au hukuandika?"

Basi nimfanyeje? Kajitakia mwenyewe. Nikafungua faili. "Babu wa babu yako. Mtoto mchanga, kaokotwa Alhamisi kwenye ngazi za kanisa la Sutton, ndani ya kapu la viazi. Akapewa jina la kijiji, kama walivyopewa watoto wote wa kuokotwa."

Mtu mmoja alikuwa akitafuna biskuti, akaona haya, akaacha. Desmond alikaa chini, uso umemshuka.

"Umejua tangu lini?"

"Huu mwaka wa kumi na moja."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka nikuletee na jina la mama yake. Habari nusu nusu za nini? Nimemaliza parokia ishirini na mbili, bado sijampata."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaomba kalamu yangu, akaikata hoja yake kwenye karatasi ya ajenda kwa mstari mmoja.

"Zimebaki parokia ngapi?"

"Nne."

"Jumatatu nakuja na gari," akasema. "Nitakupeleka."