Ukucha wa Fundi Redio

Ukucha wa kidole cha mwisho cha Fundi Redio ulikuwa mkongwe kuliko ndoa yake. Aliufuga tangu ujanani, mgumu kama pembe, na kwa huo alinyanyua nyaya na skrubu zilizoishinda bisibisi. Mkewe aliuvumilia kama mtu anavyovumilia shemeji mkorofi.

Lakini sasa palikuwa na jambo la jicho la mkewe. La kushoto lilizimika zamani. La kulia lilipasuliwa likapona, ila bila lenzi ya kuvaa, dunia yote kwake ilikuwa kama mvuke wa sufuria. Na mikono ya bibi ilitetemeka, hivyo muuguzi wa macho akamfundisha mzee kumvika.

"Kata kucha, babu. Nawa kwa sabuni, jifute ukauke. Lenzi haiguswi na maji ya bomba wala mate, ni maji yake ya dawa tu. Na asilale nayo. Jicho hili likiharibika, hatuna la akiba."

Walipofika nyumbani, mzee akakata kucha tisa.

"Na huyo sultani?" mkewe akauliza.

"Huyu ndiye aliyesomesha wanao, mama watoto. Nitamkunja tu, hatakusumbua."

Akanawa, akajifuta, akaipandisha lenzi kwenye ncha ya kidole, akamfunua kope. Ukucha ukapita karibu kabisa na mboni. Bibi akarusha kichwa nyuma, lenzi ikadondoka mapajani. Fundi akaiokota na, kwa mazoea yake ya dukani, akaipuliza, puu! Kisha akaigusisha ulimi.

"Wee, baba watoto! Hilo ni jicho langu, siyo betri!"

Mzee akaganda, ulimi ungali nje. Bibi hakumwona vizuri, ila alimjua. Akacheka mpaka akashika mbavu. Basi lenzi ikasuguliwa taratibu kwa maji ya dawa, ikarudishwa kikoponi mwake ndani ya dawa mpya, ilale humo mpaka kesho.

Kicheko kilipokwisha, bibi akasema polepole, "Ukucha siuogopi. Naogopa giza. Nimechoka kukusikia tu, kama redio."

Mzee akautazama ukucha wake.

Asubuhi bibi akasikia maji yakimwagika, na sabuni ikisuguliwa kwa muda mrefu. Kabla ya hapo alikuwa amesikia mkasi: ka! Mara moja tu. Vidole vya mumewe vikatua kwenye paji lake, vyepesi, havina miba. Lenzi ikaingia kama tone la maji baridi. Akapepesa, akapepesa tena, na uso ukajitokeza ndani ya mvuke.

"Yarabi! Mbona umezeeka hivi?"

"Nilizeeka siku nyingi. Wewe ndiye habari zimekuchelewa."

Mezani, katika kopo la skrubu, ukucha ulilala peke yake. "Kumtupa nimeshindwa," mzee akakiri.

Siku ile bibi hakufanya kazi ya maana. Alikaa kibarazani akimtazama mumewe akichomelea nyaya, akimkosoa hata vifungo vya shati. Jua lilipotua, mzee akaja na mikono inayonukia sabuni.

"Haya, lete jicho tuitoe lenzi."

"Niache nayo leo tu. Nataka nikiamka nikuone."

"Ukiamka utanikuta. Ya kutolewa ni lenzi, mimi sitolewi."

Bibi akaguna, akainua uso.