Kifurushi cha Mgeni

Kifurushi kilikuwa juu ya kitanda tena, kimezungushiwa gazeti na kukazwa kwa uzi, fundo limekaa katikati sawasawa. Msichana alikitazama, akaketi kando yake, akashusha pumzi. Hakuwa na haja ya kufungua ili kujua kilichomo. Sketi ya shule yenye marinda makali, blauzi zilizotiwa wanga, soksi. Hata leso yake ilikuwa imepigwa pasi.

Upande wa pili wa chumba, binti wa nyumba ile, ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa ameinamia tenga la nguo akichakura. Walikuwa rika moja na darasa moja. Chiriku alichomoa sketi iliyojikunja, akaikung'uta, akaivaa hivyo hivyo.

"Kinyozi hajinyoi," alisema akihangaika na zipu, "na mtoto wa dobi hapigiwi pasi. Wewe una bahati, Mgeni. Mimi mama akinifungia nguo kwenye gazeti, nitajua ananifukuza."

Msichana alitabasamu kwa adabu. Tangu alipofika alikuwa ametabasamu kwa adabu mpaka mashavu yakachoka.

Alikuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi: mwaka mmoja ugenini, shule ya ugenini, na familia iliyokubali kumpokea. Lugha alikuwa ameisomea kwao kabla ya safari. Familia yenyewe ndiyo hii. Mama alikuwa dobi, Baba alikusanya nguo za wateja na kuzirudisha kwa baiskeli, na kazi ya Chiriku ilikuwa kusema. Nyumba ilikuwa nusu makazi nusu kazi. Sebuleni palikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu, uani kamba na mabeseni, na kila mahali harufu ya sabuni.

Na Mama alikuwa na utaratibu wake. Nguo ya mteja haikutoka mlangoni bila gazeti na uzi. Nguo za wenyewe zilitupwa tengani, kila mtu ajitafutie. Msichana aliuelewa utaratibu huo mapema, wala hakumwambia mtu. Kifurushi chake kilifanana kabisa na cha mwalimu mkuu na cha karani wa mtaa wa pili. Alikuwa mteja. Mteja anayelala humo humo.

Tena si nguo tu. Alikuwa na kikombe chake ambacho wengine hawakukigusa, na kiti chenye mto. Akinyanyua sahani aioshe, ananyang'anywa. Akishika ufagio, ananyang'anywa. "Wewe kaa, mgeni wetu. Pumzika." Jamani, mtu atapumzika mara ngapi? Alikuwa amepumzika mpaka mifupa inamuuma.

"Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe," Baba alitania siku moja mezani. "Sisi huyu hata kijiko hatujampa."

"Jembe ukalime wewe," Mama alimjibu. "Mtoto wa watu huyu. Mama yake ameniamini."

Shuleni, ajabu, mambo yalikuwa mepesi. Siku yake ya kwanza aliingia darasa la wadogo kwa makosa, na kwa kuona aibu kunyanyuka, akakaa humo kipindi kizima akisoma majina ya wanyama. Basi ikawa kila asubuhi akifika mlangoni wenzake wanapiga kelele, "Umehakikisha? Ni sisi kweli?" Akichelewa, anafagia darasa pamoja na wachelewaji wengine, wanarushiana vumbi na kucheka. Alipenda kuchelewa, akijua ule ufagio unamngoja. Kisha anarudi nyumbani, na kiti chenye mto kinamsubiri.

Siku moja mwalimu wa darasa alimuuliza, kwa kupita tu, "Na nyumbani je, wanakutunza?"

"Wananitunza sana, mwalimu," alijibu. "Kama mteja." Machozi yakamlenga, yeye mwenyewe akashangaa.

Mwalimu alikuwa na moyo mwepesi na simu nyepesi zaidi. Jioni hiyo hiyo mratibu wa mpango, mama mmoja wa makamo mwenye mkoba mkubwa na subira ndogo, alimpigia Mama.

"Nimesikia mtoto hana raha kwenu," alisema. "Jumamosi nakuja, nimuulize mwenyewe. Akitaka kuhama, kuna familia nyingine iko tayari kumpokea."

Mama aliweka simu, akakaa kwenye kigoda pale pale. Maneno yalimchoma. Aliwaza mikono yake iliyopauka kwa sabuni, mito, wanga, fundo la uzi analolifunga mara mbili ili limpendeze mtoto.

"Nimekosea wapi?" alimuuliza mumewe. "Nimembeba kama yai."

"Labda yai limechoka kubebwa," Baba alisema.

"Toka hapa."

Kwa hiyo akafanya alichojua kufanya: akazidisha. Gazeti likaondoka, ikaja karatasi nyeupe. Uzi ukaondoka, ukaja utepe. Chiriku akakatazwa kumtania mgeni, na Chiriku akikatazwa kusema anavimba kama unga uliotiwa hamira. Nyumba ikanyamaza. Walikula kwa kupishana "tafadhali" na "ahsante" utadhani wako ofisini.

Mwishowe Chiriku alishindwa. "Eti unahama?" alimbana chumbani. "Mratibu anakuja kesho. Kama tumekukosea si useme! Mama hali, halali."

"Sitaki kuhama."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Asinipende sana?"

Chiriku aligeukia tenga, akaanza kuchakura nguo.

Jumamosi asubuhi Mama alitoka uani kugeuza mashuka yaliyoanikwa tangu alfajiri. Baba alikuwa huko nje akiziba tairi la baiskeli. Msichana aliingia sebuleni, akaiona pasi imeshapata moto, na shati jeupe la mwalimu mkuu limetandazwa mezani. Mratibu asije kumkuta kwenye kile kiti chenye mto, alijiambia. Amkute kazini. Alikuwa amemtazama Mama vya kutosha: nyunyiza maji, kola kwanza, kisha mikono, mgongo mwishoni. Kola ilinyooka. Mikono ilinyooka. Furaha ikampanda kichwani, na alipofika mgongoni aliinua macho kuchungulia dirishani, aone kama Mama anamwona.

Pasi ilibaki pale pale ilipokuwa.

Harufu ndiyo iliyomwita Mama. Aliingia mbio, vibanio vimening'inia kwenye ukosi wa gauni lake. Aliiona pasi, akamwona msichana, akaliona shati. Alipigana na uso wake mwenyewe. Alijaribu hata kutabasamu, maskini.

"Si... si kitu, mgeni wetu," alianza kwa sauti nyembamba. "Wewe pumzika, mimi nita..." Akaliinua shati lile kwenye mwanga. Katikati ya mgongo palikuwa na alama ya pasi, kahawia, kamili na ncha yake.

"Ala!" Mama alilipuka. "Wewe mtoto una wazimu? Nani amekutuma? Pasi inalazwa juu ya nguo, imekuwa paka? Macho yako yalikuwa wapi? Muda wote huu unaniona nikifanya kazi, kumbe unaangalia inzi!"

"Samahani, mama..."

"Samahani haivaliki! Mwalimu mkuu Jumatatu atavaa samahani? Mbele ya shule nzima? Haya, chukua beseni. Zile taulo za nyumba ya wageni, zote, utazifua wewe. Na usinilie juu ya taulo za watu, zina maji ya kutosha!"

Msichana alichukua beseni. Mlangoni alipishana na Chiriku aliyekuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Baba alisimama nyuma yake na pampu mkononi.

"Mama Chiriku," alinong'ona, "mratibu anakuja leo."

Mikono ya Mama ilianguka. "Nimekwisha," alisema. Akakaa. "Siku yenyewe ya kuulizwa, ndiyo nimemfokea mtoto wa watu. Sasa anaondoka, na atakuwa na haki." Wala hakuficha kwamba analia. Alikuwa amemzoea yule mtoto, hatua zake, na namna anavyosema "ahsante" hata kwa mlango ukimfungukia.

Alifuta uso kwa pindo la gauni, akatoka uani kuomba radhi. Hakufika mbali. Msichana alikuwa ameinamia beseni, povu mpaka viwikoni, na Chiriku amesimama kando yake, mikono kiunoni.

"Unafua au unabembeleza mtoto? Jikaze kisabuni, wewe!"

"Nimejikaza!"

"Taulo inasinzia hiyo!"

Msichana alimrushia povu. Likamtua Chiriku puani, wote wawili wakaangua kicheko, kicheko kile cha shuleni ambacho nyumba hii haikuwahi kukisikia kutoka kwake. Mama alisimama asielewe. Radhi aliyokuja nayo haikutoka. Alichoona ni mikono iliyokaa vibaya.

"Sogea," alisema. Akachuchumaa, akaweka mikono yake juu ya ile ya msichana. "Hivi. Kiganja kinasukuma, si vidole. Ukisugua kwa vidole, jioni huna vidole."

Walisugua pamoja kwa muda.

"Mama," msichana alisema bila kuinua kichwa, "usinifungie nguo zangu tena."

"Kwa nini? Hivyo ndivyo ninavyowafanyia watu ninaowaheshimu."

"Najua. Lakini mnaniheshimu peke yangu. Nataka kutafuta nguo zangu tengani."

Mama aliendelea kusugua. Alikumbuka karatasi nyeupe na utepe wake, akaona aibu, kisha akaona uchungu, kisha akataka kumkumbatia, lakini mikono ilikuwa na sabuni.

"Zitajikunja," alisema tu.

"Zijikunje."

Hodi ikapigwa wakati huo huo, na mratibu akaingia uani na mkoba wake. Aliangalia beseni, povu, rundo la taulo zenye chapa ya nyumba ya wageni.

"Mnamfulisha nguo za wateja?" aliuliza. "Mama, utaratibu hauruhusu. Mwanafunzi hakuja kuwa kibarua. Kwa haya ninayoyaona, sioni hata haja ya kuuliza."

Mama alisimama, akajifuta mikono. Angeweza kujitetea, lakini hakuwa mtu wa hivyo. "Ni kweli anafua," alisema. "Na nimemfokea pia, uongo sijazoea. Ameniunguzia shati. Muulize. Akisema anakwenda, nitampangia sanduku mwenyewe."

Mratibu alimgeukia msichana, akalainisha uso. "Usiogope, mwanangu. Sema kweli mbele yao. Unataka kuhama, au unataka kubaki?"

Msichana alisimama, maji yakimchuruzika viwikoni. Alimtazama Mama, na Mama alitazama chini. Alikuwa na mengi sana ya kusema, na yote yalitaka kutoka kwa mlango mmoja. Alifumbua mdomo.

Tone la kwanza likaanguka juu ya bati. La pili likamtua mratibu kwenye miwani.

"Mvua!" Mama alipiga ukelele, na kichwa chake kikasahau kila kitu isipokuwa kamba. "Baba Chiriku, mablanketi! Chiriku, mashati, na usiyaburute! Wewe," akamnyooshea kidole msichana, "mashuka! Kimbia, mtoto, umesimama kama nguzo, kimbia!"

Msichana alikuwa ameshakimbia. Vibanio viliruka kila upande. Alichomoa shuka la kwanza, la pili, akalibana la tatu kwa kidevu, akamgonga Baba, wakazungukana, akaingia ndani akitweta, akatoka tena.

"Na wewe mama mratibu, unalowa bure! Shika foronya hizo!"

Mratibu alifumbua mdomo kama wa kutaja utaratibu, kisha akautupa mkoba barazani na kushika foronya.

Mvua iliposhuka kwa nguvu zake zote, uani palikuwa patupu na sebule imejaa. Wote walikuwa wamelowa, na juu ya meza kulikuwa na kilima cha nguo zilizookolewa zikiwa kavu. Mama alikuwa ameshaanza kukitenganisha. Mratibu alisimama katikati ya chumba amekumbatia foronya zake, nywele zimemlala usoni, akitafuta mahali pa kuziweka. Hakuna aliyemwambia akae.

"Hujanijibu swali langu," alimwambia msichana.

"Subiri kidogo, shangazi." Msichana alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, na Chiriku upande wa pili ameshika mbili zake.

"Vuteni," Mama alisema bila kuinua macho. "Vizuri! Msiniletee makunyanzi."

Wakavuta, shuka likakaza kati yao mpaka likatoa mlio. Kisha wakaanza kutembea, kila mmoja akimwendea mwenzake, na mratibu akasogea ukutani na foronya zake kuwapisha njia.