Kengele za Buluu Mbele ya Lango la Thirza

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema usije ukahangaika kumtafuta mwingine, maana katika kisa hiki yumo Mwalimu Askey, na mtu akimwona Mwalimu kwa mara ya kwanza, na ile kofia yake yenye manyoya ya kware, hudhani kazi hiyo imeshapata mwenyewe.

Miaka arobaini nilikuwa fundi wa lipu. Nilipanda ngazi, nikaanguka, nikapanda tena. Mke wangu alipoondoka aliniachia mbwa, na mpaka leo sijui nani alionewa zaidi, mimi au mbwa. Anaitwa Bosun. Kila asubuhi hunikokota kwenye njia ya mashambani nyuma ya kanisa letu la Hesley, na kwa miaka sita nilichokiona kwenye njia ile ni matope na mkia wake.

Machi mwaka huu nikaanza kutembea na Thirza Bufton. Mjane, gambuti za kijani, kijibwa kiitwacho Dot chenye hasira za hakimu mwenye njaa. Thirza hatembei. Anasimama. Kila hatua kumi anainama.

"Clem, umekanyaga."

"Nimekanyaga nini?"

"Ua la urujuani. Inua mguu. Mwingine, bwana!"

Basi nikajifunza kuinua miguu. Akanionyesha maua kama nyota za manjano yanayojifunga jua likijificha, na vile vijiua vyeupe vya kando ya mtaro ambavyo kila petali imepasuka katikati kama kwato ya mbuzi. Wiki ya tatu nikajikuta nimesimama peke yangu mbele ya ua wa miti, natazama vijiua, na Bosun ananitazama mimi kama nimepatwa na kiharusi. Nilikuwa na furaha. Huko nyuma sikuwahi kuwa na furaha saa moja asubuhi isipokuwa siku za kulipwa.

Sasa, kila mwisho wa Aprili kijiji chetu hutoka na mbwa wake wote kwenda kuhesabu kengele za buluu, yale maua yanayofunika misitu yetu kama moshi. Thirza huongoza na daftari, na mtu mmoja hutembea kando yake akitaja anachokiona. Miaka yote mtu huyo alikuwa Mwalimu Askey, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha. Mwaka huu nafasi hiyo niliitaka mimi. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nipate leseni ya udereva.

"Tutaona," Thirza alisema nilipomwomba. "Kengele ya kwetu na ya Kihispania unazitofautisha?"

Sikuzijua. Akanieleza: ya Kihispania ilitoroka kwenye bustani za watu, na sasa inaisukuma ya kwetu pembeni. Ya kwetu huinamisha kichwa, kengele zake zote upande mmoja, na hunukia. Mgeni husimama wima na hana harufu.

"Hiyo tu?" nikasema. "Hiyo hata Bosun ataweza."

Ningemwachia Bosun. Ijumaa, siku moja kabla ya matembezi, nilipita mapema na sepetu na toroli, kusaka za Kihispania nizing'oe. Mbele ya lango la Thirza, chini ya ua wake wa miti, nikakuta shada kubwa la kengele. Zimesimama wima kama askari. Nikapiga magoti, nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa tena, mpaka chavua ikaniingia puani. Hakuna kitu! Wahispania, tena mlangoni kwa Thirza! Nikachimba zote pamoja na mizizi yake ya duara kama vitunguu, nikajaza toroli, nikagonga mlango nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

Nilichosahau ni kwamba pua yangu ilistaafu kabla yangu. Miaka arobaini ya vumbi la saruji na chokaa. Nilishawahi kukaa na samaki aliyeoza jikoni siku nne, jirani ndiye aliyekuja kumzika.

Thirza alifungua mlango, akaangalia toroli. Nyuma yake akatokea Mwalimu Askey na kikombe cha chai.

"Lo!" akasema Mwalimu, amefumba macho. "Harufu gani hiyo tamu?"

Nikainama juu ya toroli, nikanusa. Hakuna kitu.

"Ni za Kihispania," nikasema. "Zilisimama wima."

"Clem," Thirza akasema polepole, "ni changa. Changa zote husimama wima. Na chavua umeiangalia? Nyeupe kama krimu; ya Kihispania ni ya buluu. Hizi ni za kwetu. Hapa ndipo tunapoanzia kuhesabu, miaka kumi na tisa."

"Kesho tutaanzia kwenye toroli," akasema Mwalimu.

"Wewe kunywa chai yako!" nikamfokea. "Angalau mimi nimechafua magoti. Wewe umeshawahi kuchimba nini?"

"Sijawahi. Ndiyo maana maua yangu bado yapo ardhini."

Dot akabweka. Bosun, msaliti, alikuwa ameshalala juu ya gambuti za Thirza. Nikaona nafasi yangu inayeyuka: si ya kesho tu, bali na asubuhi zote, na kuinua miguu, na vijiua vyenye kwato. Mtu akiona hivyo husema lolote.

"Nitazirudisha zote, moja moja," nikasema. "Lakini elewa, Thirza. Sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kwa sababu nakupenda."

Mwalimu akaanza kuchunguza kikombe chake. Thirza akanitazama mimi, akatazama shimo lililo mbele ya lango lake, akanitazama tena.

"Mwalimu naye ana bustani," akasema. "Kampende yeye."