Shati la Bingwa wa Inverlathan

Treni ilikuwa imeshaanza kuvuta pale Wattie Imrie alipotoa kichwa dirishani na kumwona mama yake anakuja mbio stesheni, kifurushi mkononi. Grizel Imrie alikuwa na miguu ya kusimama, si ya kukimbia, lakini alifika, akakisukuma ndani. Ndani yake mlikuwa na mashati mawili meupe, yamepigwa pasi vizuri, yanachuruzika maji.

"Hayajakauka, mwanangu."

"Najua, mama."

Treni ikamchukua. Mzee aliyekaa mkabala naye alisogeza viatu maji yasimfikie, akaendelea na gazeti lake. Wattie alikuwa anakwenda Uingereza kushindania ubingwa wa gofu, na shati alilovaa lilikuwa limelowa kama yale ya kwenye kifurushi. Inverlathan nzima ilijua. Ni mji mdogo wa pwani ya Uskoti. Nguo yako isipokauka, jirani anajua kabla yako.

Mambo yalianza hivi. Uwanja wa gofu wa Inverlathan haukuwa mali ya klabu. Zilikuwa nyasi za mji, na tangu enzi za mabibi wanawake walianika nguo kando ya shimo la kwanza, mashuka chini kwenye majani, soksi juu ya vichaka vya miiba. Mpira ukiangukia shuka, mchezaji aliuokota, akauweka pembeni bila adhabu, akasikiliza matusi ya wanawake, akaendelea. Grizel alikuwa dobi wa nyumba za wakubwa. Wattie alilelewa hapohapo ndani ya kapu la nguo, na lile pigo lake la juu, lililokuja kumfanya mchezaji wa kulipwa, alijifunza kwa kuvusha mpira juu ya mashuka ya mama yake, maana kuyachafua ilikuwa kuchapwa.

Meja Dalgleish, mkuu wa klabu, alitaka nguo ziondoke. Wageni wa Edinburgh walikuwa wanacheka. Wanawake wakaenda kwa hakimu kudai haki yao, na haki ya namna ile husimama kwa jambo moja tu: kwamba watu wamefanya vile miaka yote. Wazee waliopaswa kutoa ushahidi walikuwa wapangaji wa Meja, na siku ile wote walishikwa na mafua. Klabu ikamleta Wattie awe shahidi wake. Meja alikuwa ameshaongea naye, wakiwa wamesimama nje, kwa sababu wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kuingia jumba la klabu. Alimwambia kwamba bingwa anahitaji watu wa kumpeleka Uingereza, na watu hao hawampeleki mtu asiyejua yuko upande gani.

Hakimu alimuuliza kama alipokuwa mtoto aliona nguo zikianikwa pale.

"Hapana, bwana," Wattie akasema. "Hayo ni mambo ya juzijuzi."

Mama yake alikuwa amekaa benchi la nyuma, kapu mapajani. Alilitazama kapu. Hakimu akatoa hukumu kabla ya chakula cha mchana, na jioni bango likasimamishwa: ni marufuku kuanika.

Siku ile Grizel alimpakulia mwanawe uji na samaki wa chumvi kama kawaida, akamtundikia shati karibu na moto. Kulipokucha lilikuwa linatiririka. Wattie alinunua jipya dukani. Lilikaa kavu mpaka alipofunga kifungo cha mwisho. Daktari akampa dawa ya kusugua kifua. Mchungaji akasema ndiyo hewa ya pwani.

Effie Guild, dobi mwenzake Grizel, mwanamke mwenye mdomo, alikutana na Wattie mtaani mchana kweupe.

"Wattie, njoo basi tukukamue. Umebaki wewe tu, ndiyo nguo tunayoruhusiwa kuanika nje."

Watu wakacheka. Wattie naye akacheka, masikio yakimuwaka.

Na kweli alikamuliwa. Kila jioni Grizel alimsimamisha juu ya beseni, akakamua mkono mmoja wa shati, akakamua wa pili, kwa vidole vilivyochubuliwa na sabuni ya magadi, bila kumtazama usoni. Wattie angependa zaidi kupigwa kofi.

Uingereza alishinda. Jua liliwaka siku zote za mashindano. Magazeti yaliandika hivyo, yakaandika pia kwamba bingwa alikuwa amelowa. Alipokabidhiwa kikombe alikishika mbali na kifua.

Inverlathan ilimpokea kwa matarumbeta. Alipofika nyumbani alikuta jikoni kamba zimevutwa ukuta hadi ukuta, mashuka ya wakubwa yananing'inia katika moshi wa makaa, na mama yake yuko chini ya hayo mashuka, anakohoa.

"Mama, nakwenda kwa hakimu. Nitamwambia nililelewa kwenye kapu lako."

Grizel aligeuza shuka. "Utasemaje, umekumbuka?"

"Nitasema nilidanganya."

"Haya, nenda. Ila ukirudi uvue viatu, nimeshapiga deki."

Hakimu alikuwa klabuni anakula na Meja. Siku ile mlango wa mbele ulifunguliwa kwa Wattie, kwa mara ya kwanza. Alisema yote, amesimama juu ya zulia, na zulia likawa jeusi kumzunguka. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba shauri lililokwisha halifufuliwi. Meja akaagiza taulo litandikwe kwenye kiti.

"Keti, Imrie. Bingwa hasimami, bwana."

Wakamtilia wiski. Wattie akaketi.

Aliporudi alivua viatu mlangoni. Grizel alisikia harufu ya pombe. Alilivuta beseni.

Grizel Imrie alikufa kwa kifua miaka michache baadaye. Effie Guild alihamia Dundee kwenye viwanda vya magunia. Meja Dalgleish alipewa mtaa wenye jina lake. Wattie alichukua ubingwa mara nyingine, akafundisha gofu Marekani, akarudi mzee, akazikwa karibu na mama yake. Majani ya kaburi lake hayanyauki hata wakati wa ukame, na watunza uwanja huyakata kuzibia viraka vya uwanja. Mashuka ya Inverlathan bado yanakaushwa ndani. Shati la ubingwa liko klabuni, ndani ya kabati la kioo, na chini yake wameweka sinia la kukinga maji. Kila asubuhi mtumishi huyamwaga nje, pembeni mwa shimo la kwanza, chini ya bango, ambalo hupakwa rangi upya kila mwaka.